Samaki Wamejaa, JavaScript Inalaumiwa

Jana tena. Kijana mmoja anajinoa kwa mafumbo ya zamani ya Advent of Code, yale ya kuandika programu ya Desemba anayoyatunga Eric Wastl tangu 2015, ambayo huku kwetu hufunguka saa mbili asubuhi. Feni ya laptop inavuma kama mashine ya kusaga, halafu naletewa ujumbe: "Kaka, hii lugha ya JavaScript nzito. Nahamia Rust, lugha yenye kasi."

Hamia. Samaki watakufuata hukohuko.

Fumbo lenyewe ni la siku ya 6, mwaka 2021. Kila samaki ana namba yake, kila siku inapungua moja. Ikifika 0, kesho yake inarudi 6 na anazaliwa mwingine mwenye 8. Kijana kaweka kila samaki kwenye safu (orodha ya vitu), anafanya `push`, yaani anaongeza mwishoni, kila akizaliwa mmoja. Kwa mfano uliotolewa, 3,4,3,1,2, siku 80 zinaleta samaki 5934. Safi. Sehemu ya pili inataka siku 256: samaki 26984457539. Safu ya JavaScript mwisho wake ni vitu 4294967295. Na hata kwenye Rust, ukimpa kila samaki baiti moja tu, unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 27 hivi. Laptop ya nani?

Samaki wote wenye 3 ni sawasawa, kwa nini uwape majina? Hesabu wako wangapi. Masanduku 9, kuanzia 0 hadi 8, na kila siku wote wanashuka sanduku moja, wa 0 wanarudi 6 na watoto wao wanaingia 8:

`const z = d.shift(); d[6] += z; d.push(z);`

Mara 256, hujakohoa imekwisha.

JavaScript ina visirani vyake, sikatai. `[10, 9, 1].sort()` inakupa 1, 10, 9, kwa sababu inapanga kama maandishi. `-1 % 5` ni -1. Ukiweka `[x, y]` kwenye `Set` (mkusanyiko usiorudia kitu) hutaipata tena kwa kuandika nyingine inayofanana nayo. Tumia `x + "," + y`. Lakini hayo ni majibu ya uongo, si uzito. Uzito wa kweli niliuona siku ya 4 ya 2015, ile ya MD5 (fomula inayogeuza maandishi kuwa msimbo), ambapo kazi ni kujaribu namba moja moja. Hapo lugha yenye kasi inasaidia.

Na mimi si mtakatifu. Siku ya 8 ya 2023, fumbo la njia kadhaa zinazotembewa mpaka zote zifike mwisho kwa pamoja, nilichukua kigawe kidogo cha shirika cha mizunguko, nikapata nyota ya jibu sahihi, nikafunga laptop. Maelezo ya fumbo hayasemi popote kwamba njia hiyo inaruhusiwa. Inafanya kazi kwa sababu data zimepangwa hivyo. Sikuthibitisha chochote, nilibahatisha.

Mchana kijana karudi: mfano unatoka sawa, jibu lake linakataliwa. Nikamwambia achapishe samaki wa mwisho baada ya `split(",")`, inayokata maandishi kwenye kila koma. Alikuwa `"1\n"`, kabeba mstari mpya mkiani, hakuingia sanduku lolote. Ikate kwa `trim()`, kaka.