Alama za WiFi Zimejaa, Intaneti Haipiti: Dhana Potofu Kuhusu Hotspoti ya Kujitengenezea

Wanaoniletea Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, waliyoigeuza kuwa hotspoti huanza na maelezo yale yale: simu imeunganishwa, alama za WiFi zimejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, kwa hiyo programu ya hostapd imeharibika na haina budi kusakinishwa upya. Siku hizi, kabla ya kugusa chochote, huuliza kwanza ni vitu gani vimekwisha kufutwa.

Ukweli ni kwamba simu ikishaunganishwa, hostapd imetimiza wajibu wake, kwa kuwa yenyewe hutangaza WiFi na kuhakiki nenosiri, wala haihusiki na kupitisha pakiti (vipande vya data) kutoka wlan0, upande wa WiFi, hadi eth0, upande wa kebo. Kazi hiyo ni ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ambayo kwa kawaida haipitishi pakiti za vifaa vingine mpaka mpangilio wa net.ipv4.ip_forward uwe 1. Hata ikizipitisha, ruta iliyo mbele haiijui anwani ya simu, tuseme 192.168.50.12, na majibu hayatapata njia ya kurudi mpaka kanuni ya MASQUERADE, inayobadilisha anwani ya simu kuwa ya bodi, iwekwe kwenye eth0, yaani upande unaoelekea intaneti, si kwenye wlan0 kama ninavyokuta mara kwa mara. Aliyesakinisha Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kontena) kwenye bodi hiyo hiyo akague pia mnyororo wa FORWARD, yaani orodha ya kanuni za pakiti zinazopita, kwani Docker huweza kuugeuza uwe DROP, yaani uzitupe pakiti, bila kumwarifu mtu.

Badala ya kusakinisha upya, endesha tcpdump -ni eth0 icmp, amri inayoonyesha pakiti za pingi zinazopita eth0, kwenye bodi, kisha pingi 8.8.8.8 (seva ya Google) kutoka kwenye kifaa kilichounganishwa. Pakiti zisipoonekana kabisa, zimezuiliwa ndani ya bodi. Zikionekana zikitoka na anwani ya 192.168.50.12, MASQUERADE haifanyi kazi. Jaribio hili huchukua dakika moja, na bado watu huona afadhali wapoteze jioni nzima.

Wapo pia wanaodai kwamba intaneti imekatika ilhali 8.8.8.8 inajibu; hao wana tatizo la DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na waangalie ni anwani gani ya DNS ambayo dnsmasq, programu inayogawa anwani, inavigawia vifaa. Wengine huipa hotspoti anwani za 192.168.1.x sawa na za ruta wakiamini kwamba mitandao itaelewana, kumbe bodi hushindwa kujua pakiti ielekee upande upi. Kanuni za iptables, zana inayoweka kanuni kama MASQUERADE, nazo hazidumu zenyewe: usipozihifadhi, hupotea bodi inapowashwa upya.

Mwisho ni maelekezo ya zamani ya kuhariri faili ya mipangilio ya mtandao, dhcpcd.conf, ambayo wengi huyanakili wakidhani bado yanafaa. Tangu toleo la Bookworm la 2023, Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa bodi hii, husimamia mtandao kwa NetworkManager, na muunganisho wenye mpangilio wa ipv4.method shared huweka NAT (kazi ile ile ya MASQUERADE), hugawa anwani na huendesha dnsmasq yake yenyewe, kwa kawaida katika 10.42.0.x. Ukiiongezea dnsmasq ya pili, zitagombania poti zile zile, na nawe utarudi kwangu ukiilaumu hostapd.