Kupima benzeni hewani: kazi huanzia kwenye mrija

Moshi wa magari, mvuke wa petroli, rangi za mafuta na majiko ya kuni hutoa kemikali za ogani zinazopaa upesi. Inayotazamwa kwanza ni benzeni, kwa kuwa inajulikana kusababisha saratani ya damu. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na ifikapo 2030 ukomo huo utashuka hadi 3.4. Pua haisaidii hapa: harufu ya benzeni husikika pale kiwango kimeshaupita ukomo huo mara nyingi mno.

Hewa hunaswa kwa mrija wa chuma cha pua wenye urefu wa milimita 89, uliojazwa takriban miligramu 200 za chembe za Tenax TA, aina ya plastiki yenye vinyweleo inayonasa kemikali hizo. Pampu ndogo huivuta hewa kwa mililita 50 kwa dakika, hivyo dakika 40 hukupa lita 2. Kabla ya kwenda nao, mrija huchomwa kwa zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi huku heliamu safi ikipita ndani, kisha hupimwa ukiwa mtupu kuhakikisha haukubakiza kitu.

Joto la hewa ndilo huwaangusha wengi. Kwenye nyuzi 20, mrija huu hushikilia benzeni hadi hewa ifike kama lita 6. Kila joto likipanda nyuzi 10, ujazo huo hupungua karibu nusu. Dar es Salaam mchana wa Januari, basi, ukivuta lita 5 kwa kufuata mwongozo wa nchi za baridi, sehemu ya benzeni itatokea upande wa pili na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Grafu ya maabara haitakuambia, itatoka safi kabisa. Unganisha mrija wa pili nyuma ya wa kwanza. Ukikuta huo wa nyuma umebeba zaidi ya asilimia 5 ya jumla, punguza ujazo urudie.

Mwendo wa pampu upimwe mrija ukiwa umeunganishwa, mwanzo na mwisho. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, sampuli hiyo haifai. Usiandike juu ya mrija kwa kalamu ya wino mzito, kwani wino huo mara nyingi una zaileni, mojawapo ya kemikali unazozitafuta. Vifuniko viwe vya shaba ya njano vyenye pete za tefloni, na mrija mmoja usafiri na mingine bila kuvutiwa hewa. Mirija yote ikae mbali na dumu la mafuta ya jenereta!

Maabara, mrija hupashwa hadi kama nyuzi 280. Kemikali hutoka, hukusanywa kwenye mtego wa baridi, kisha mtego hupashwa ghafla ili zote ziingie pamoja kwenye kolamu ya kromatografia ya gesi, yaani mrija mwembamba unaozitenganisha, yenye urefu wa mita 60 na upana wa milimita 0.25. Zinatoka moja moja kwa muda wake, na spektromita ya masi huzivunja kuwa vipande vyenye chaji (ioni) na kupima uzito wake. Benzeni hujulikana kwa ioni yenye uzito 78, na tolueni, kemikali ndugu yake, kwa 91. Zaileni nazo hutoa 91, kwa hiyo muda wa kutoka lazima ulingane na wa kemikali halisi ya kulinganishia. Mashine ikikupa jina kwa kulinganisha vipande na maktaba yake ya kemikali pekee, lichukulie kama dokezo.

Hesabu ni nyepesi: nanogramu 18 kwenye lita 2 ni maikrogramu 9 kwa mita ya ujazo. Ondoa kwanza kilichokutwa kwenye mrija usiovutiwa hewa.

Tazama pia uwiano wa tolueni kwa benzeni. Moshi wa kuni na majani kwa kawaida huwa chini ya 1, barabara yenye magari mengi huwa karibu na 2, na uwiano ukipanda sana tafuta karakana ya rangi jirani.