Deki ya mbao na deki ya kompoziti: tofauti ni nini?

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unataka deki, huenda akakuletea ndoo na tambara. Kwetu deki hupigwa, haijengwi. Lakini neno lenyewe lina asili ya melini, na maana yake ya kwanza ndiyo tunayoizungumzia hapa: sitaha, ila ni ya nyumba. Ni jukwaa lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, nje ya mlango wa nyuma, watu wakae wapunge upepo. Baraza, kwa ufupi, ila badala ya saruji zimetandikwa mbao zenye nafasi baina yake ili maji yapite.

Kinachowatatiza wanaojenga Nyali au Mtwapa ni mbao zipi zitandikwe: za mti au za kompoziti.

Kompoziti ni mseto. Wali na pojo ukishapikwa pamoja hakuna wa kuutenga tena, na huku ni vivyo hivyo: kiwandani unga wa mbao huchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia nusu kwa nusu, kisha husukumwa kwenye kalibu ukatoka ubao mrefu uliokwisha kutiwa rangi na hata mishipa ya mti ya kuigiza. Si plastiki tupu. Kile chombo cha baharini kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa Lamu na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 kilikuwa cha plastiki iliyorejelezwa. Kompoziti ina mti tumboni, na mti huo ukinywa maji huota ukungu. Ndiyo maana aina iliyo bora huvikwa ganda la plastiki juu yake. Isiyovikwa ni rahisi zaidi kwa bei, na masika huweza kuiachia madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni.

Wauzaji husifu kwamba mchwa hawaili, haiozi upesi, haidai rangi wala mafuta, wala haitoi vibanzi vya kumchoma mtoto nyayoni. Hayo ni kweli. Wasiloanza nalo ni jua.

Plastiki hushika joto, na ubao wa rangi ya kahawa iliyokolea, saa saba mchana ya mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, haukanyagiki kwa miguu mitupu. Joto hilo hilo huurefusha. Hapa ndipo mafundi wetu wengi hukosea, maana seremala amezoea tabia ya mti: mti ukinywa maji hutanuka kwa upana, urefu haubadiliki sana. Kompoziti hutanuka kwa urefu kila jua linapopanda na kujirudi usiku. Akizibananisha ncha mbili asubuhi kungali na ubaridi, alasiri utaona ubao umejikunja mgongo kama paka. Lazima aache mwanya kwenye ncha, kwa kipimo alichotoa mtengenezaji.

Mbao nazo si mbao tu. Mbambakofi, mvule na msaji zina ugumu na ulinzi wa asili dhidi ya kuoza. Paini na saipras ni jambo jingine: bila dawa iliyoshindiliwa kiwandani mchwa watazimaliza, na kila ncha utakayokata upya hudai dawa tena. Mti pia hutaka kupakwa mafuta mara kwa mara, jambo ambalo mabaharia wanaopaka vyombo vyao sifa, yale mafuta ya papa, hawahitaji kuambiwa. Usipopaka, hugeuka kijivu. Hiyo ni rangi tu, bado si kuoza. Na mti husamehe. Umechubuka, unapigwa msasa; umeoza ubao mmoja, unang'olewa huo. Kompoziti yenye ganda ukiipiga msasa umeiharibu.

Halafu kuna kiunzi cha chini, ambacho kwenye jahazi tungekiita mataruma. Aghalabu huwa cha mbao au chuma, hata juu ukitandika kompoziti. Nimeona watu wakilipia ubao usioliwa na mchwa, kisha wakaulaza juu ya paini isiyotiwa dawa. Tena kompoziti hulegea kuliko mti mgumu, kwa hiyo mihimili yake hukaribiana, kwa kawaida sentimita 40 au chini ya hapo kutoka kati hadi kati. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukiwa karibu na bahari. Zile za kupakwa zinki hewa ya chumvi huzila mapema.

Mimi, deki ikiwa chini ya makuti, ningechukua kompoziti yenye ganda bila kusita. Ikiwa wazi, kando ya bwawa la kuogelea, ningetafuta mbambakofi hata kama bei inauma. Ukiwa bado huna uamuzi, omba vipande viwili dukani, viweke uani tangu asubuhi, na saa saba uvue ndara uvikanyage.