"Hakupanga, kwa hiyo hakukusudia": dhana zinazoangusha rufaa za mauaji

Familia zinazokuja ofisini kwangu Chake Chake kuulizia rufaa ya mauaji huanza karibu zote na hoja hii: "Wakili, ndugu yetu hakupanga kuua, basi kosa lishuke." Inanichosha, kwa sababu watu huijengea matumaini makubwa na sheria haiitambui.

Kukusudia hakuhitaji mpango wa siku tatu. Nia huweza kuzaliwa papo hapo, panga likiwa tayari mkononi, na inamgusa hata aliyetaka kujeruhi vibaya tu. Majaji hawaoni ya moyoni, kwa hiyo wanapima vitendo: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno ya mshitakiwa, na mwenendo wake kabla na baada. Fimbo moja ya mguuni na mapanga matatu ya shingoni hayapimwi sawa, hata kama yote yameanzia kwenye ugomvi wa mpaka wa mikarafuu. Na pigo moja tu la kichwani, likiwa zito, linaweza kutosha.

Kinachoshusha kosa hadi kuua bila kukusudia ni mapigano yaliyozuka ghafla, au uchokozi wa kumpotezea mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, naye akatenda kabla hasira haijapoa. Aliyekwenda kwao, akachukua panga, akarudi jioni, kazi yake ni ngumu sana. Mshitakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kuwa alichokozwa. Lakini lazima jambo hilo lionekane kwenye ushahidi.

Hapo ndipo ninapogombana na wateja. Mahakama Kuu mtu anasema "sikuwepo", rufaani anataka "nilichokozwa". Rufaa si kesi mpya! Majaji wanapitia mwenendo wa kesi ulioandikwa Mahakama Kuu, na ushahidi mpya huruhusiwa kwa nadra. Mashahidi wa mashtaka wenyewe wakiwa wametaja mapigano, tunapata pa kushika. Wasipotaja, tumekwama. Semeni ugomvi ulivyokuwa tangu siku ya kwanza, na daktari ahojiwe kwa kina juu ya majeraha.

"Diya tumelipa, wamesamehe." Diya ni fidia ya damu kwa familia ya marehemu. Msamaha una uzito baina ya familia, na tunaweza kuutaja tukiomba nafuu ya adhabu. Mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Hayafutwi na diya.

"Kosa likishuka anatoka." Si lazima. Anaepuka adhabu ya kifo, kisha anapangiwa kifungo. Muda aliokwishakaa huzingatiwa, lakini bado anaweza kubaki Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, miaka mingi.

"Mahakama ya Rufani ni ya Bara, haituhusu." Ni ya Muungano, na rufaa za jinai kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda huko. Miongoni mwa yasiyokwenda ni mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Msikae kusubiri nakala ya hukumu ndipo muilete.