Kuzoesha kwa matone: nungunungu wa baharini anapoingia tangini

Kuzoesha kwa matone ni kumpa mnyama wa baharini maji ya makao yake mapya kidogo kidogo, tone baada ya tone, kabla hujamtia tangini. Samaki wengi huvumilia haraka ya mfugaji. Nungunungu wa baharini, yule kiumbe wa mviringo aliyejaa miiba, havumilii.

Samaki ana figo na matamvua ya kurekebisha chumvi mwilini. Nungunungu hana. Majimaji yaliyo ndani ya gamba lake yana chumvi sawa na maji anamoishi, kwa hiyo maji yakibadilika ghafla, mwili wake nao hubadilika. Chumvi ikipungua, seli zake huvimba. Hata miguu yake, ile mirija laini inayonata kwenye kioo, huendeshwa kwa msukumo wa maji. Akiumia hulegea na kuanguka, kisha miiba huanza kupukutika.

Maji ya bahari huwa na chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, lakini baadhi ya maduka huweka maji yao chini ya hapo. Pima maji ya mfuko aliosafirishwa ndani yake na ya tangini, usikisie.

Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha mmimine pamoja na maji yake ndooni, vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, yadondoke matone mawili hadi manne kwa sekunde. Maji ya ndoo yakiongezeka maradufu, mwaga nusu, uendelee hadi vipimo vilingane. Saa moja au mbili si nyingi kwake.

Hali moja hubadilisha hesabu, nayo wengi hawaijui. Mnyama aliyesafirishwa usiku kucha ameshajaza mfuko uchafu wake. Ukiufungua, hewa ya ukaa hutoka, asidi ya maji hupungua, na amonia, kemikali ya uchafu huo iliyokuwa haina makali, hugeuka sumu. Hapo kukawia ndani ya maji yale yale kunamdhuru. Ni bora kuandaa mapema ndoo ya maji safi yenye chumvi na joto sawa na ya mfukoni, umhamishie humo mara moja, ndipo uanze matone.

Mwishoni mchote kwa kikombe na umweke juu ya jiwe lenye mwani. Maji ya ndoo yamwage nje, yasiingie tangini.