Arosto ndani ya kisahani cha maabara

Mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe kuchukua dozi ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga (heroini), hapa Malindi aliniuliza, "Daktari mwanangu, huyu mbona hawezi kujikaza? Si siku chache tu za arosto?" Arosto ni mateso yanayompata mraibu akikosa unga. Swali lake limenikaa moyoni. Jibu langu linaanzia kwenye seli ambazo haziwezi kujikaza wala kulegea.

Zinaitwa NG108-15. Ni seli za uvimbe wa neva za panya mdogo, zilizounganishwa na seli za uvimbe wa ubongo za panya mkubwa, na hukuzwa kisahanini. Zimejaa vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, vya enkefalini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kati ya neva ambayo ubongo wetu huitengeneza wenyewe kutuliza maumivu. Mofini hushika vipokezi hivyohivyo, na unga ukishaingia mwilini hugeuka mofini.

Kipokezi kikishikwa, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) kiitwacho adenilati saiklezi hupunguza kazi. Kazi yenyewe ni kutengeneza AMP saikliki, kemikali inayopeleka amri ndani ya seli. Mwaka 1975 watafiti Sharma, Klee na Nirenberg walieleza kilichotokea seli zilipokaa na mofini kwa siku kadhaa: kimeng'enya kiliongezeka nguvu, hata AMP saikliki ikarudi kiwango cha kawaida mofini ikiwa bado imo. Mofini ilipoondolewa, AMP saikliki ikapanda kupita kiasi: hiyo ndiyo arosto ya seli. Mwaka uliofuata ikaonekana enkefalini nayo hufanya vivyo hivyo, jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha, kwa kuwa hiyo ni yetu ya kuzaliwa.

Sisi tuliokulia Lamu tumeyaona haya kwenye mashindano ya mashua. Upepo ukisukuma tanga, mabaharia hukaa kwenye ubao uliotokeza nje, upande unakotoka upepo, ili chombo kisipinduke. Kadiri upepo unavyozidi ndivyo wanavyozidi kujitupa nje. Sasa upepo ukatike ghafla: mashua hulalia upande wao. Mofini ndiyo upepo, kimeng'enya ndicho hao waliokaa ubaoni.

Mabadiliko kama hayo ya kimeng'enya yameonekana pia kwa wanyama, kwenye neva za shina la ubongo zitoazo noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili. Zikifyatuka bila kizuizi, huchangia jasho, mtetemo na moyo kwenda mbio wakati wa arosto.

Methadoni hushika vipokezi vilevile, ila hukaa mwilini muda mrefu kuliko unga. Ndiyo maana kijana yule hunywa mara moja tu kwa siku, na siku ya kuiacha ikifika, tutampunguzia kidogo kidogo, ili walio ubaoni wapate kurudi ndani mmoja mmoja.