Kozi ya ufundi wa siti za watoto kwenye gari: watu wanavyosema na ilivyo kweli

Huku Marekani familia zilizokuwa zikija kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale zikishuka eapoti, mara nyingi siti za watoto zilikuwa zishafungwa kwenye gari iliyokuja kuwapokea, maana watoto wadogo hawabebwi bila siti. Baada ya hapo familia inanunua gari yake, watoto watano, siti tatu za kupewa, vitabu vya maelekezo vyote Kiingereza na Kispanyola, na mtu wa kuwaonyesha kwa Kiswahili hayupo. Ndo maana kila siku nawaambia watu wetu wa Louisville, Des Moines, Phoenix na kwingine wakasome hii kozi ya CPST, yaani fundi anayetambulika wa usalama wa watoto garini. Ila ukiigusia kwenye grupu majibu yanayokuja ni vituko, ngoja tuyapitie.

"Si kazi ya kufunga siti tu? Unafunga, mwenye gari anaondoka."

Hapa ndo wengi wanapotea kabisa. Fundi aliyefundishwa sawasawa hafungi siti halafu akakabidhi funguo, kazi yake ni kumfundisha mzazi mpaka mzazi afunge mwenyewe kwa mikono yake fundi akiwa amesimama pembeni anaangalia. Na sababu iko wazi, ile siti wiki ijayo mtoto atatapika itatolewa ikaoshwe, mwezi ujao itahamia kwenye gari ya shemeji, sasa fundi atakuwa anaitwa kila mara?

Utakuta mama kaja na Sienna yake pale pakingi, anasema dada we nifungie tu mi nina haraka. Unamwambia sawa mama, ila njoo hapa karibu, shika siti hapa mkanda unapopita, usishike juu kwenye kichwa, shika hapa chini kwa mkono ule usioutumia sana, sukuma kushoto kulia, vuta mbele. "Mbona inacheza hivi?" Ee, inatakiwa isisogee zaidi ya inchi moja, kama sentimita mbili na nusu hivi, pale pale mkanda unapopita. Huko juu ukitikisa itacheza tu hata ikiwa imefungwa vizuri, na watu wengi wanatikisa juu halafu wanapaniki. Basi mama anafungua, anaweka mkono ndani ya siti anakandamiza huku anavuta mkanda, anatikisa tena, imetulia. Hajatumia nguvu za ajabu, na hapo ndo inakufa ile dhana nyingine kwamba hii kazi ni ya wanaume wenye misuli, watu wanapanda na magoti juu ya siti wanatoka jasho wakati tatizo ni mkanda unavutwa kwa engo mbaya.

Halafu anamweka mtoto. Mikanda ya mabegani, kama mtoto anaangalia nyuma itokee usawa wa mabega au chini kidogo, kama anaangalia mbele itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Klipu ya kifuani ikae usawa wa makwapa, sio tumboni. Kisha jaribu kufinya mkanda pale kwenye mfupa wa bega, ukiweza kukunja hata kidogo bado umelegea. Mama akifanya yote hayo mwenyewe bila wewe kugusa, hapo umefanya kazi.

"Mpaka uwe polisi, nesi au mtu wa faya."

Wapo wengi kweli, lakini sio sharti. Mama wa nyumbani anaweza, dereva wa Uber anaweza, mtu wa shirika la wakimbizi anaweza na mimi naona huyu wa mwisho ndo angefaa kuliko wote. Na geuza upande wa pili, sio kila mtu wa faya anajua siti, watu wanaenda kituo cha zimamoto wanakuta jamaa mwenye roho nzuri ila hajawahi kusoma hiyo kozi. Uliza kama ana cheti cha CPST, hatokasirika.

"Kila kitu kipo YouTube, kozi ya nini?"

Shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, NHTSA, liliwahi kuchunguza likakuta asilimia 46 ya siti na busta (kile kiti cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae sawa) zina kosa angalau moja la kupunguza kinga. Karibu nusu! Na hao wazazi wana YouTube kama wewe. Kozi yenyewe kwa kawaida inachukua siku tatu mpaka nne, darasani kidogo na muda mwingi uko kwenye magari unafunga unafungua, mitihani ya kuandika ni ya kuchagua majibu na unaruhusiwa kufungua kitabu, halafu kuna mitihani ya vitendo, na siku ya mwisho mnawekwa kwenye tukio la kweli, wazazi wa kweli wanakuja na siti zao na mkufunzi anakuangalia. Wanaotoa cheti ni Safe Kids Worldwide, ada ya kozi imekuwa dola 95, na mara nyingi mwajiri au mradi wa jimbo unalipa.

Kitu ambacho video haikupi ni ule mchanganyiko wa siti hii na gari hii. Chukua LATCH, vile vyuma viwili vilivyojificha kwenye mkunjo wa kiti ambavyo magari ya Marekani yanatakiwa kuwa navyo tangu Septemba 2002. Watu wanaamini LATCH ni salama kuliko mkanda wa gari, sio kweli, vyote viko sawa ukifunga vizuri. Wengine wanafunga na LATCH na mkanda kwa pamoja, eti kinga mara mbili, wakati siti nyingi haziruhusu hivyo labda kitabu cha siti kiseme. Na LATCH ina kikomo cha uzito, kwa kawaida mtoto pamoja na siti yake wasizidi paundi 65, ikizidi unahamia kwenye mkanda. Ule mkanda wa juu unaokwenda nyuma ya kiti cha gari, kwa mtoto anayeangalia mbele unaendelea kuutumia hata ukihamia kwenye mkanda wa gari, na ndo unaosahaulika kuliko vyote, unakuta bado umefungwa na raba yake ya dukani.

Fundi hakariri siti zote za dunia, nani ataweza. Anafundishwa kusoma vitabu viwili, cha siti na cha gari, kila mara, hata kama siti kama hiyo kaifunga jana.

"Ukishapata cheti umemaliza."

Miaka miwili tu. Ili ukirinyu, yaani kukiongezea muda, lazima uwe umefanya siti tano zikaangaliwa na mkufunzi au mtu aliyeidhinishwa, saa sita za masomo ya kuendelea, na kushiriki shughuli ya jamii, na ada tena. Usiposogelea siti miaka miwili kinakufa, unarudi darasani. Kwa hiyo kama unataka picha ya cheti ya kuweka LinkedIn tafuta kozi nyingine.

"Kuna hela."

Kidogo sana. Sehemu nyingi huduma ni bure na fundi ni wa kujitolea au anafanya ndani ya kazi yake nyingine. Tuendelee.

"Fundi anasema sheria inavyosema, basi."

Sheria ni kiwango cha chini. Tennessee ndo walianza mwaka 1978, na kufikia 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria, ila kila jimbo lina yake. Fundi anafundishwa kusema vyote viwili: sheria ya jimbo hii hapa, na wataalamu wanashauri hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanasema mtoto aangalie nyuma mpaka afike kikomo cha uzito au urefu cha siti yake, hawasemi tena habari ya kugeuza akitimiza miaka miwili. Hapo bibi atakuja juu, miguu ya mtoto imejikunja anaumia! Haumii, watoto wanakaa na miguu imekunjwa siku nzima wakicheza. Shingo ndo ya kuogopa, kichwa cha mtoto ni kizito na mifupa ya shingo bado laini.

Na ile ya kumpakata. Naielewa, tumelelewa mgongoni na mapajani, mama anaamini hakuna kitu kitamtoa mtoto mikononi mwake. Lakini kwenye ajali ya kilomita 48 kwa saa mtoto wa kilo 10 anaweza kuvuta mikono kama mzigo wa kilo 200 au zaidi, hakuna mama wa kushika hiyo. Siti kwa mtoto wa chini ya mwaka inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 71, kwa wa mwaka mmoja mpaka minne ni 54, hizo ni za NHTSA kwa magari madogo. Ukimweleza mama kwa lugha yake bila kumsimanga anaelewa haraka sana. Ukimtafsiria kwa simu huku mtoto analia, sahau.

Baridi nayo: jaketi nene linatoka kabla ya mkanda, maana kwenye ajali linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Funga mtoto kwanza, blanketi au kitenge juu yake.

"Siti ya mtumba haina shida, na tarehe ya kuisha ni biashara ya kiwanda."

Plastiki inachoka na jua na baridi, siti nyingi zinaishi miaka 6 mpaka 10 na tarehe iko kwenye stika nyuma au chini. Kubwa zaidi hujui kama imepata ajali. Wanaopakia siti zilizoisha kwenye kontena kupeleka nyumbani, jamani.

"Cheti kinafanya kazi popote."

Ukihamia Canada wao wana mafunzo yao, na siti lazima iwe na alama yao ya usalama, ile ya Marekani haikubaliki. Ulaya ndo kabisa, wanatumia R129, kanuni yao ya siti za watoto, na ISOFIX, vyuma vyao vya kufungia siti, lebo tofauti na taratibu tofauti. Akili ya kusoma kitabu na kupima kwa mkono utahama nayo, cheti hapana.

"Utashtakiwa."

Ndo maana kuna fomu. Mzazi anasaini kabla hujagusa kitu, unaandika siti ilivyokuja na ilivyoondoka, na haumwambii mtu "mtoto wako yuko salama sasa," unamwambia umefunga kama vitabu vinavyosema. Tatizo linaanza fundi akijifanya anajua kuliko kitabu.

Anayetaka aingie kwenye tovuti ya Safe Kids atafute kozi kwa jimbo lake, na apige simu kwa mwandaaji aulize kama ada inalipiwa, wengi hawaandiki hilo kwenye tangazo. Kozi ni Kiingereza, sehemu chache Kispanyola, lakini siku ya kuongea na mzazi Kiswahili chako ndo kitafanya kazi. Vaa suruali ya kupigia magoti.